Muulize Fundi Vioo: Madoa ya maji yanayogoma kutoka

Kiangazi kikishika Mwanza, maswali ninayoletewa hubadilika. Wakati wa mvua ni waipa na milango inayovuja. Mvua zikikatika, kila mtu ana madoa. Mwezi huu nimechagua maswali ya madoa peke yake, ya wenye magari na ya wenye boti, maana dawa wanazopeana watu mitaani zinaharibu vioo kuliko maji yenyewe. Salamu ndefu nimezipunguza ili tupate nafasi. Msininunie.

Mwangaluka, mama fundi. Nina Noah ya abiria, nalala nayo nyumbani Buhongwa. Tulichimba kisima kirefu na gari naliosha kwa maji hayo kila asubuhi. Sasa kioo cha mbele kimejaa vidoa vyeupe vya mviringo. Nikimwagia maji vinapotea, kikikauka vinarudi vilevile. Nimesugua kwa sabuni ya unga mpaka mkono umechoka. Usiku taa za magari yanayokuja zinanitawanyikia usoni. Jirani anasema nitumie stilwaya ya kusugulia sufuria. Nifanyeje?
*Dereva, Buhongwa*

Mhola, mwanangu. Hiyo stilwaya irudishe jikoni kwanza.

Maji ya kisima kirefu yanapita kwenye mwamba na udongo muda mrefu, na njiani yanayeyusha kalisi na magnesi. Ukiyatazama kwenye ndoo ni meupe, safi kabisa, unaweza hata kuyanywa. Lakini maji yakikauka juu ya kioo, yanaondoka yenyewe na kuacha yale yaliyokuwa yamebeba. Kinachobaki ni chokaa, ileile inayoganda ndani ya birika la chai. Kwa hiyo usijilaumu kuwa unaosha vibaya au sabuni yako ni ya bei rahisi. Doa halikuletwa na uchafu. Limeletwa na maji safi yaliyoachwa yakaukie kwenye kioo.

Chukua tochi, angalia doa moja kwa karibu kutoka ubavuni. Utaona katikati ni peupe kidogo, halafu pembeni kuna pete iliyo nene zaidi. Tone la maji hukauka haraka ukingoni kuliko katikati, na linapokauka linavuta maji ya katikati kwenda ukingoni pamoja na madini yake. Chokaa nyingi inaishia pale kwenye pete. Ndiyo maana unaposugua juujuu, katikati panang'aa na duara linabaki, ukadhani hujafanya kitu.

Sasa pitisha ukucha juu ya ile pete. Ukucha ukikwama, ukahisi kitu kimeinuka, hiyo ni chokaa iliyokaa juu ya kioo na itatoka. Ukucha ukiteleza kama hakuna kitu, na doa bado unaliona, basi kioo chenyewe kimeanza kuliwa. Usitumie kipimo cha kulowesha, maana hakikwambii lolote: maji yanajaza vile vishimo na mikwaruzo, mwanga unapita umenyooka, doa linajificha, liwe la chokaa au la kioo kilicholiwa.

Sabuni ya unga haitatoa chokaa hata ukisugua hadi Krismasi. Ni ya upande mmoja na chokaa, zote ni za magadi. Chokaa inataka kitu kichachu. Siki nyeupe ya dukani inatosha. Kwenye chupa nyingi utaona imeandikwa asilimia 4 au 5 ya asidi. Usiichanganye na maji kwa kazi hii.

Fanya asubuhi na mapema au jioni, gari likiwa kivulini na kioo kimepoa. Ukimwagia siki kwenye kioo cha saa saba mchana itakauka kabla haijafanya kazi. Kwanza osha kioo kwa maji mengi na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, ili vumbi lote litoke. Hapa sirudi nyuma: vumbi la Mwanza ni mchanga wa mawe haya haya yanayotuzunguka, na ndani yake kuna chembe ngumu kuliko kioo. Ukisugua bila kuosha, unachora kioo kwa mchanga huo, na mchoro hautoki kwa siki. Hilo ndilo kosa kubwa la stilwaya ya jirani yako. Inabeba mchanga, inabeba na kutu ya sufuria.

Halafu chukua karatasi za chooni au kitambaa chepesi cha pamba, lowesha siki, kilaze juu ya kioo kishikane chote. Siki ikinyunyizwa peke yake inachuruzika yote kwenye boneti. Kitambaa kinaishikilia mahali pake. Acha robo saa. Kikianza kukauka, ongeza siki. Mahali ambapo chokaa ni nene, inua kona ya kitambaa utaona vipovu vidogo sana ukingoni mwa pete. Ni hewa ya ukaa inatoka, chokaa inayeyuka. Vipovu vikiisha, ondoa kitambaa, sugua kwa mzunguko mdogo ukitumia sponji laini, suuza kwa maji mengi mpaka kwenye mifereji ya chini ya waipa, kisha kausha hapohapo. Usiache hata tone. Chokaa ya muda mrefu itahitaji kurudiwa siku nyingine, na hakuna ubaya wowote kurudia.

Mpira wa waipa uinue, uufute kwa kitambaa chenye siki, kisha maji. Chokaa iliyong'ang'ania kwenye mpira ndiyo inayochora ule upinde katikati ya kioo.

Siki ikishindwa na ukucha unateleza, usiongeze nguvu. Nenda kwa fundi vioo mwenye unga wa seriamu oksidi. Ni unga laini wa kusugulia vioo, unachanganywa na maji na kusuguliwa kwa pedi ya manyoya yaliyoshindiliwa kwenye mashine ya mwendo mdogo. Simama naye ukitazama mambo mawili: unga usikauke, na asikae sehemu moja. Kioo kikipata moto sana mahali pamoja kinaweza kupasuka, na akichimba sana mbele ya macho ya dereva utaanza kuona barabara imepinda. Kwenye kioo cha mbele mimi hukubali kupunguza doa, sikubali kulimaliza kwa kulichimba.

Kuhusu zile taa za usiku, doa hata likiwa jepesi linatawanya mwanga. Wewe unayeshuka Barabara ya Kenyatta usiku, magari yote ya kutoka Shinyanga yanakumulika. Anza na nusu ya kioo iliyo mbele yako, upande wa abiria utafuata.

Dada fundi, habari za kazi. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria, nazunguka visiwani. Madirisha yangu yameota madoa mengi na ukungu. Kijana wangu aliyafuta kwa thina, madoa yakapungua, lakini sasa kuna nyufa ndogondogo, hasa kuzunguka boliti. Swali la pili: ziwa letu ni maji matamu, hakuna chumvi. Hayo madoa yanatoka wapi?
*Nahodha, Ukerewe*

Nahodha, hilo la thina limeniuma. Madirisha yako si kioo.

Boti nyingi ndogo zina madirisha ya perspeksi au polikaboneti, plastiki ngumu zinazopitisha mwanga. Kujua ni rahisi. Gonga kwa ufunguo: kioo kinalia, plastiki inatoa sauti iliyokufa. Weka mkono asubuhi na mapema: kioo ni baridi, plastiki haina baridi hiyo. Kioo cha gari huwa na mhuri mdogo wa kiwandani kwenye kona, plastiki iliyokatwa na fundi haina.

Perspeksi na thina ni maadui. Thina, asetoni, petroli, hata zile dawa za vioo za kupuliza zenye amonia, zote zinaingia ndani ya plastiki. Pale ambapo plastiki imebanwa, yaani kwenye boliti, tayari ina mvutano ndani yake; thina ikifika hapo inaachia, ndiyo nyufa unazoziona. Nyufa hizo hazifutiki wala hazisuguliki, ziko ndani. Dirisha lililopasuka hivyo karibu na boliti libadilishe kabla halijavunjika kwa wimbi, tena uanze na la mbele ya usukani. Unapofunga jipya, tundu la boliti liwe kubwa kidogo kuliko boliti, uweke kikombe cha mpira, na usikaze mpaka mwisho. Plastiki inatanuka kwa jua.

Yale ambayo hayajapasuka yaoshe hivi. Maji mengi kwanza, yamwagike tu bila kugusa. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mkono au kitambaa laini sana. Kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika chache tu, suuza. Hakuna wembe, hakuna stilwaya, hakuna dawa ya meno. Ukungu uliobaki ni mikwaruzo, na huo unataka polishi ya plastiki. Ukiwa mwingi, fundi anaanza na msasa wa maji namba 1000, anakwenda 1500, anamaliza na 2000 kabla ya polishi. Polikaboneti usiiguse na msasa. Nyingi zina ngozi ngumu juu yake, ukiitoa hairudi.

Swali la pili ni zuri. Kweli ziwa letu halina chumvi, na maji yake ni laini kuliko ya visima vingi vya huku. Mwenzako wa Tanga au Mafia anaamka na chumvi dirishani, anamwagia maji matamu, chumvi inayeyuka, amemaliza. Wewe unapigwa na rasharasha kutwa nzima. Kila tone linaacha kidogo sana, linakauka kwa jua, linalofuata linakauka juu yake. Kidogo kinalundikana. Tena maji ya ziwa yana silika, yaani madini yaleyale ya mchanga na kioo, na yana mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wengine wakiwa wamevaa magamba ya silika. Silika haiogopi siki. Ongeza moshi wa dizeli wa injini yako unaogandisha kila kitu pamoja. Ndiyo maana doa la ziwani lililokaa msimu mzima linasumbua kuliko chumvi ya baharini.

Basi dawa yako si ya mwisho wa mwezi. Ukifika gatini, abiria wakishuka, kijana amwage ndoo ya maji safi kwenye madirisha na ayafute kabla jua halijayakausha. Halafu lile turubai unalofunikia boti: likipigwa na upepo usiku linasugua dirisha kwa mchanga ulionasa. Weka shuka ya pamba chini yake, au lifunge likaze.

Shikamoo mama. Naegesha gari chini ya baraza la zege. Nyumba ni mpya, wakati wa mvua juu panavuja kidogo. Gari limepata michirizi myeupe kwenye kioo cha nyuma na kwenye rangi. Fundi mmoja amenipa chupa ya dawa ya kuoshea choo akasema itatoa mara moja. Naogopa.
*Mama wa watoto watatu, Nyegezi*

Marahaba, mwanangu. Uoga wako ni wa maana.

Maji yanayopita kwenye zege bichi yanayeyusha chokaa ya saruji na kutoka nayo. Yanakuwa makali sana ya upande wa magadi, na yakishadondoka yanakutana na hewa, yanageuka chokaa ngumu papo hapo. Hayafanani na yale ya kisima. Tone moja la zege lina chokaa nyingi. Na kabla ya kukauka yanaunguza rangi. Kwa hiyo la kwanza kabisa, leo leo, sogeza gari. Hata likae juani, ni nafuu.

Dawa ya choo itatoa chokaa, fundi hakukudanganya hapo. Nyingi zina asidi haidrokloriki. Lakini itashuka kwenye kromu, kwenye rimu za alumini, kwenye boliti, na huko itafanya yake. Na ole wako nyumba nzima kama sakafu ya baraza hilo iliwahi kuoshwa kwa jiki na bado kuna majimaji: asidi hiyo na jiki vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Watoto watatu, mama. Rudisha hiyo chupa chooni.

Tumia siki, au unga wa sitriki wanaouza kwa ajili ya juisi, kijiko kimoja kikubwa kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Kwenye kioo cha nyuma laza kitambaa chenye dawa kama nilivyomweleza dereva wa Buhongwa, lakini kwa upande wa nje tu. Ndani kuna zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, na kama umeweka tinti, nayo iko ndani. Huko ndani ni kitambaa chenye maji peke yake, ukifuta kwa kufuata nyaya zinavyolala.

Kwenye rangi kuwa mpole: dakika mbili tatu, suuza, angalia, rudia. Usibandue mchirizi kwa ukucha wala kadi, unaondoka na rangi. Baada ya mchirizi kutoka ukiona kivuli chake bado kipo kwenye rangi, hicho si chokaa tena, ni rangi iliyoungua. Hapo ni kazi ya fundi rangi na kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi.

Na mwambie fundi wa nyumba azibe huko juu.

Kuna dawa ya kung'arishia rimu inayouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji, haina lebo. Jamaa anaipaka kwenye kioo, madoa yote yanaondoka kwa sekunde. Unaijua?
*Mwenye daladala, Igoma*

Chupa hiyo siijui, lakini naijua kazi hiyo. Kitu kinachotoa doa gumu kwenye kioo kwa sekunde kinakula kioo. Baadhi ya dawa kali za alumini zina asidi haidrofloriki au chumvi zake, na hiyo ndiyo asidi inayoyeyusha kioo chenyewe. Inayeyusha silika ya doa, ndiyo, halafu inaendelea. Kioo kitang'aa siku hiyo, baadaye ukikitazama jua likiwa usoni, unapoelekea Igoma asubuhi, utaona mawingu ambayo hakuna polishi itakayoyatoa.

Na kioo ndicho kidogo. Asidi hiyo ikigusa ngozi huenda usihisi maumivu mapema. Inapenya, inashika kalisi iliyomo mwilini mpaka kwenye mfupa, na inaweza kuua. Vijana wanaishika mikono mitupu, wengine na kandambili. Ikimgusa mtu, maji mengi palepale, avue nguo zilizolowa, na aende hospitali hata kama haumwi, akiwa na ile chupa mkononi ili daktari ajue anapambana na nini. Dawa isiyo na lebo mimi siingizi karakanani kwangu, hata aniletee nani.

Mama fundi, mimi naosha magari. Nanunua maji ya madumu, mara ya kisima, mara ya bomba. Wateja wakirudi wanasema nimewaachia madoa, wananiambia nibadili sabuni. Nimefikiria nihamie ufukweni nitumie maji ya ziwa moja kwa moja. Unanishauri nini?
*Kijana wa kuosha magari, Mwanza*

Ya ufukweni tuyamalize kwanza. Usiende. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mafuta na sabuni yako yote yatashuka kwenye maji ambayo jiji zima linakunywa.

Sabuni usibadili. Badili mpangilio. Wewe unaosha gari zima, unalimwagia maji zima, halafu unatafuta kitambaa. Ukimaliza kufuta boneti, upande wa pili umeshakauka kwa jua. Osha kivulini; kama huna mti, funga turubai. Anza juu, shuka chini, na kausha kila upande kabla ya kwenda mwingine. Vioo vipe kitambaa chake ambacho hakijawahi kushuka kwenye tairi. Kile kifaa cha mpira cha kukokotea maji kwenye vioo vya dukani kitakuokolea muda mwingi: pitisha mara moja, futa mpira, pitisha tena, malizia kingo kwa kitambaa cha nyuzi laini.

Madumu yako yatenganishe. Maji ya bomba ya jiji yanatoka ziwani, chanzo chake cha siku nyingi kiko Capri Point, na ni laini kuliko ya visima. Ya kisima yaoshee, ya bomba yasuuzie. Mvua ikinyesha kinga maji ya bati, ukiacha yale ya mwanzo yanayoshusha vumbi. Hakuna maji ya kusuuzia kioo yanayoyazidi. Na kama una rafiki mwenye ofisi yenye kiyoyozi, lile bomba dogo linalodondosha nje linatoa maji yasiyo na madini karibu kabisa. Weka dumu chini yake. Mteja mwenye gari jeusi mpe hayo.

Sasa maswali mafupi mafupi. Maji ya betri je, yanafaa kusuuzia kioo? Yale yasiyo na madini ya kujazia betri, ndiyo, tena vizuri sana. Lakini dukani taja vizuri unachotaka, maana chupa ya asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Ukipewa hiyo umeharibu gari na mikono.

Coca-Cola inatoa madoa? Ina asidi kidogo, inatoa kidogo, halafu inaacha sukari. Utaosha mara mbili na sisimizi watakutembelea. Nunua siki.

Dawa ya meno? Kwenye kioo halisi, nyeupe ya kawaida, sehemu ndogo, inasugua kidogo na haina madhara makubwa. Kwenye perspeksi hapana.

Ndimu badala ya siki? Inafanya kazi. Chuja nyuzi zake, na suuza vizuri maana ina utomvu na sukari. Kwa kioo kizima cha gari utakamua ndimu nyingi mpaka ujute.

Wembe? Kwenye kioo halisi kilicholowa, kwa fundi aliyezoea, wembe mpya, ukilala karibu sawa na kioo, kwa kitu kilichoinuka tu. Ndani penye tinti usiuguse kabisa.

Yale ya kupaka ili maji yateleze, ni wizi? Si wizi. Maji yakiteleza hayabaki kukauka. Ila paka juu ya kioo kilichotolewa madoa yote. Ukipaka juu ya doa, umelifunika tu, na siki haitalifikia mpaka uitoe hiyo dawa kwanza. Kwa boti yenye perspeksi soma chupa kama imeandikwa inafaa kwa plastiki. Nyingi zina spiriti ndani.

Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye vioo vya boti yangu ndogo na gari langu, wamekauka. Ni madoa ya maji hayo pia? Siki haijasaidia.
*Mvuvi, Musoma*

Hapana, hayo ni mengine. Wale wadudu wanaopanda angani juu ya ziwa kama moshi, wakigongana na kioo wanaacha majimaji ya mwili, na hayo yanagandishwa na kitu kichachu badala ya kuyeyushwa. Kwa hiyo acha siki. Lowesha taulo kuukuu kwa maji na sabuni ya vyombo, lilaze juu ya kioo dakika kumi, watalainika na kutoka kwa kufuta tu. Usiwashe waipa kioo kikiwa kikavu, unawasaga wakapakaa kioo kizima. Wakishatoka, ukikuta chini yao kuna pete nyeupe, hapo sasa ndipo siki inapoingia. Na boti ikifungwa usiku, zima taa ya nje kama huihitaji kwa usalama. Hao wanafuata mwanga.